Fundi Emérence na Gia za Umeme za Sajenti wa Mguu Mmoja

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumamosi, nyuma ya maduka ya vipuri ya Nakivubo. Emérence Nabintu ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono kaiweka mapajani, hagusi kitu. Mbele yake imesimama pikipiki ya magurudumu manne, ambayo hapa Kampala wenyewe huiita kwadi, na kando yake dereva wa kambi moja ya watalii kutoka Jinja anajieleza.

Dereva ameshasema mara mbili kwamba gia zimekufa. Ukibonyeza kitufe cha kupandishia gia kwenye usukani, kitu kinalia "tak" huko chini, basi, mambo yanaishia hapo. Anatamani fundi ashike spana, maana ana safari ya kurudi. Fundi hana haraka naye. Anamuuliza mashine ililala wapi jana, nani aliipanda mwisho, kama ilinyeshewa, na betri ilichajiwa kwa chaja ya nani.

"Mi sigusi mashini mbele mwenyewe hajamaliza kusema," anasema kwa Kiswahili cha Bukavu ambacho miaka kumi na moja ya Kampala haijakifua. "Batu banakuja, banasema vitesi, hii gia, imekufa. Naulizaka, nani alipima? Hakuna. Basi haijakufa. Iko mugonjwa tu."

Simu yake ameiweka juu ya betri kuukuu, mahali anapoiona. Saa mbili kamili kuna mtu atapiga, kama anavyopiga kila Jumamosi. Habari ya mtu huyo ndiyo iliyomleta mwandishi kwenye ua huu, ambao una grisi hata kwenye kikombe cha chai.

Emérence ana miaka arobaini na mmoja. Baba yake alikuwa fundi wa redio na jenereta mjini Bukavu, na binti huyo alijua kusuka upya waya za mota kabla hajajua kusuka nywele. Vita vilipomleta Uganda, akiwa na mabinti wawili na begi moja, aliishi kwanza kwenye makazi ya wakimbizi, kisha akahamia Kampala, akawa anachukua vitenge kwenye soko la Kikuubo na kuvitembeza begani. Biashara ile haikumpenda, na yeye hakuipenda.

Aliyempa kona kwenye ua huu ni Taban, fundi wa bodaboda, Mnubi mwenye sauti inayofika barabarani. Taban alikuwa na rundo la mota za kuwashia injini zilizoungua, akamwachia azisuke. Alizisuka zote kwa wiki mbili, akaomba nyingine. Taban anasimulia habari hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa.

Kwadi zilikuja baadaye, na zilikuja kwa sababu mafundi wengine walizikimbia. Kwenye pikipiki ya kawaida, mguu wa kushoto ndio unaopiga gia. Kwenye kwadi za aina hii, kazi ya mguu hufanywa na mota ndogo: unabonyeza kitufe, mota inasukuma, kifaa kingine kinapeleka habari kwenye kompyuta ya mashine kwamba sasa tuko gia ya pili, na namba inatokea kwenye kioo. Kimojawapo kikitoa habari ya uongo, kazi inasimama. Kompyuta isipojua gia ipi imeingia, hugoma kubadilisha, na pale kwenye namba hutokea kistari kinachopepesa.

Kistari hicho ndicho kinachomlisha Emérence. Kwa mwezi mzuri hupokea kwadi tisa au kumi, za kambi za watalii, za mashamba, na za mashirika ya misaada. Akishalipa kibanda na vipuri hubaki na shilingi laki nne hivi za Uganda, na kwa hizo binti mkubwa yuko sekondari na mdogo anamfuata.

Kanuni ya kusikiliza kwanza hakuzaliwa nayo. Miaka mitatu iliyopita aliitazama mashine moja kwa dakika kumi, akatangaza kuwa kompyuta yake imekufa. Wenyewe wakanunua nyingine kutoka ng'ambo, wakangoja wiki sita, ikafungwa, na kistari kikaendelea kupepesa vilevile. Ubaya ulikuwa kwenye waya mmoja chini ya usukani, umekatika ndani ya ngozi yake, kwa nje mzima kabisa. Emérence anasema aibu ile ilimkaa mwilini kama homa, na tangu hapo neno "imekufa" halitoki kinywani mwake mpaka mita iseme.

Mwezi wa pili mwaka huu, kanuni hiyo ilikutana na Sajenti mstaafu Odoch.

Odoch ana miaka sitini na tatu na anaishi nje kidogo ya Anaka, kaskazini mwa nchi. Mguu wake wa kushoto unaishia chini ya goti. Sehemu ya chini ilichukuliwa na bomu la ardhini alipokuwa jeshini. Anatembea na mguu wa bandia, na anatembea vizuri, lakini shamba lake la simsim, yaani ufuta, na mizinga yake ya nyuki viko kilomita sita kutoka nyumbani, kwenye njia ambayo hata baiskeli huisukuma. Kambi moja ya watalii ilipofungwa, aliuza ng'ombe akanunua kwadi yao. Alichoitakia ni vitufe vile viwili, cha kupandisha gia na cha kushusha. Mguu wa bandia hauna vidole vya kuhisi gia, ila kidole gumba cha mkono anacho.

Ilipoanza kugoma, mafundi wa karibu walishindwa. Mara ya tatu ilimwacha porini, akatembea kilomita nne jua likiwa kichwani, na ukingo wa ule mguu wa mti ukamchubua. Bintiye, Aloyo, ni askari polisi hapa Kampala na anakaa kwenye kambi ya polisi ya Ntinda. Alipopata habari hizo alipanda basi siku hiyohiyo. Baba na binti wakafanya mapatano: kwadi itapelekwa Kampala, itengenezwe kwa mara ya mwisho. Ikigoma tena, inauzwa, na mzee anahamia Ntinda. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa sebuleni.

"Mimi sitadanganya," Aloyo anasema. "Niliomba igome. Baba yangu ni mmoja. Simsim inauzwa hata hapa sokoni."

Kwadi ilifika Nakivubo siku ya Alhamisi, juu ya lori la shemeji yake Odoch ambalo huchukua bidhaa Kikuubo na kurudi kaskazini kila Jumatano. Emérence alikaa kwenye ndoo yake, akamsikiliza sajenti kwa saa nzima. Odoch alijieleza kama anatoa taarifa kwa mkubwa wake: tarehe, mahali, idadi. Kisha fundi akapima. Betri ilikuwa nzima. Mota ya gia aliiunganisha moja kwa moja na betri, ikazunguka bila kulalamika. Akafuata waya wa kile kifaa kinachosoma gia, akafika kwenye plagi iliyojificha chini ya kiti, akaifungua, akakuta ndani mafuta yaliyochanganyika na vumbi, meusi, mazito kama uji wa ulezi.

Akaisafisha, namba zikarudi kwenye kioo, kuanzia moja hadi tano. Alidhani ni mafuta ya injini yaliyovuja. Hapo ndipo alipokosea, na anakiri mwenyewe bila kuulizwa. Hakutafuta yalikotoka.

Ijumaa mzee aliondoka nayo akiwa anacheka. Jumapili ilikufa uani Ntinda, mbele ya majirani wa Aloyo. Jumatatu ilirudi Nakivubo ikisukumwa.

Emérence akarudi kwenye ndoo. Akamuuliza Odoch nini kilitokea kati ya Ijumaa na Jumapili. Mzee akajibu kwamba hakuna kitu. Mashine haikutoka uani, haikunyeshewa, hakuna aliyeipanda. Akaulizwa tena, akajibu vilevile, safari hii kwa sauti ya mtu ambaye hajazoea kuulizwa mara mbili.

Ile plagi ilikuwa na mafuta tena, mabichi, na safari hii na maji juu yake. Alikagua injini yote, hakuona hata tone lililovuja. Akaisafisha, gia zikafanya kazi. Mtu mwingine angemkabidhi mzee mashine yake na kumshukuru Mungu. Emérence alikataa kuiachia.

"Ilipona bila kuniambia ilikuwa na nini," anasema. "Nikimwachia aende nayo, itamufia kule porini, na ule binti atauza. Mi niko Kampala, mi nitajua wapi?"

Jumanne nzima ilipita hivyo. Mafundi wa jirani walikuja mmoja mmoja kutoa ushauri ambao haukuombwa. Mmoja alisema inunuliwe kompyuta mpya, kwa milioni mbili na nusu. Taban naye alikuwa na jibu lake la siku zote, akalitoa kwa nia njema.

"Nyabo, toa hii umeme yote," alimwambia. "Fungia yeye gea ya mguu. Gea ya mguu haisumbui mtu."

Odoch alikuwa amekaa hapo hapo kwenye tairi. Alipandisha tu suruali kidogo, akagonga mguu wake kwa ufunguo wa kwadi, mara mbili, ukalia kama mlango. Taban akaomba radhi, akaenda kununua chai ya watu wote.

Usiku huo Emérence hakupata usingizi wa maana, na asubuhi, akiwa anapiga mswaki, jambo likamjia. Anasema alijitazama na ule mswaki mdomoni akajiuliza: mtu akiniuliza leo nimefanya nini, je, nitamtajia huu? Nitasema sijafanya kitu. Watu hawasimulii waliyoyazoea. Na kati ya Ijumaa na Jumapili ilipita Jumamosi ambayo mzee hakuitaja. Miaka mitatu alikuwa akijisifu kwamba anasikiliza, na kumbe sikio lina mwisho wake.

Jumatano, saa mbili asubuhi, lori likitarajiwa saa tano, alimpisha sajenti mbele ya mashine na yeye akarudi nyuma hatua tatu.

"Mzee, leo mi sifanyi kitu," alimwambia. "Leo njo Jumamosi, na uko kwako Anaka. Fanya yote unafanyaka, usiruke hata moja."

Odoch alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue kofia kanisani wakati hana kofia. Kisha akavua shati, akalikunja mikunjo minne, akaliweka juu ya tairi. Akaomba ndoo na brashi. Aliiosha ile kwadi kuanzia juu kwenda chini, kulia kwenda kushoto, hakuacha hata kokoto kwenye matairi. Ua mzima ulisimamisha kazi kumtazama. Alipomaliza kuosha, akafungua kiti, akavuta plagi zote moja baada ya nyingine, akatia mkono kwenye begi lake dogo, akatoa kichupa cha dawa ya kikohozi na unyoya wa kanga.

Ndani ya kichupa mlikuwa na mafuta ya mashine. Akachovya unyoya, akapaka kila plagi ndani na nje, taratibu, kwa upendo ambao mwandishi hajui neno lingine la kuuitia. Akazirudisha, akafunga kiti, akasimama wima.

Taban alifungua mdomo acheke. Emérence alimtupia jicho moja, mdomo ukafungwa.

Hakumwambia mzee kwamba amekosea. Alimpa mita, akamwonyesha pa kuweka sindano zake mbili, akamwambia asikilize: plagi ikiwa nzima mita inalia, ikiwa mbovu inanyamaza. Odoch akapima plagi aliyotoka kuipaka. Kimya. Emérence akaipangusa kwa kitambaa na spiriti, akamrudishia. Ikalia. Mzee akachovya unyoya, akapaka, akapima. Kimya. Akapangusa mwenyewe. Ikalia. Akarudia mara ya tatu. Kisha akaweka mita chini.

"Kumbe adui ni mimi," alisema.

Alivaa shati lake, akaketi kwenye tairi. Kisha, bila kutazama mtu, akaeleza. Walikuwa wawili kwenye doria, yeye na mwenzake aliyeitwa Oola, na bunduki ya Oola ilikuwa na vumbi. Ilipohitajika iliziba. Odoch alirudi, Oola hakurudi. Tangu siku hiyo hakuna Jumamosi iliyopita bila yeye kupaka mafuta kila mahali ambapo chuma kinakutana na chuma: jembe, bawaba za mlango, cherehani ya marehemu mkewe. Mguu ulikuja kuondoka miaka miwili baadaye, na hospitalini, Jumamosi ya kwanza, aliomba mafuta ya kupaka magurudumu ya kitanda.

"Mimi napaka ile gari kwa sababu mimi napenda yeye," alisema. "Kumbe mimi naua yeye pole pole."

Emérence alijisikia vibaya, na anasema hivyo wazi. Alikuwa amepata ugonjwa, jambo ambalo ndilo furaha ya fundi, lakini hakuona furaha yoyote. Akamweleza kwa upole kwamba mafuta ni mazuri kwa chuma kinachosuguana, ila kwenye plagi hukamata vumbi, tena hulegeza ule mpira mdogo unaozuia maji, kwa hiyo kila akiosha maji yanaingia. Bunduki haina waya, akamwambia, na hapo mzee akatabasamu kidogo.

Kulikuwa na saa moja na nusu kabla ya lori. Alisafisha plagi zote kumi na moja, akabadilisha mipira iliyovimba kwa mipira aliyoitoa kwenye mashine chakavu, akazifunga. Na alipokuwa anafunga ya mwisho, aliona jambo ambalo mafundi wengi wasingeliona. Akimnyang'anya mzee unyoya tu, atakuwa amemnyang'anya Jumamosi yake.

Kwa hiyo akampa kazi nyingine. Alitoa mita ndogo ya betri, ya akiba, akamfundisha kuitumia. Kila Jumamosi ataosha kwa kitambaa chenye maji, si kwa ndoo. Atapangusa hadi pakauke. Unyoya atautumia kwenye bawaba na jembe peke yake. Halafu atapima betri injini ikiwa imezimwa, na saa mbili kamili atapiga simu kusema mita imeonyesha volti ngapi. Odoch aliyarudia yote kwa mdomo, neno kwa neno, akauliza swali moja tu: akikosa mtandao afanye nini. Akaambiwa apande kichuguu.

Saa tano kasoro, Aloyo akafika akiwa na sare ya kazi, ameomba ruhusa ya saa moja. Alimkuta baba yake amekaa juu ya kwadi. Odoch akabonyeza kitufe kwa kidole gumba. Moja. Mbili. Tatu, mpaka tano, na kurudi chini, namba zikitokea kwenye kioo bila kusita. Kisha akawasha, akaipandisha mwenyewe kwenye mbao hadi juu ya lori, na Taban, ambaye alikuwa amejiandaa kusukuma, akabaki na mikono hewani.

Aloyo alilia, na alipoulizwa na Emérence kama ni furaha au huzuni, alijibu kwamba ni vyote viwili, na kwamba hana muda wa kuvichambua kwa sababu yuko zamu. Anasema amekikunja kile kitanda. Hajakitoa sebuleni.

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Kwenye ukuta wa mabati wa kibanda cha Emérence sasa kuna safu ya namba zilizoandikwa kwa chaki, kumi na sita kwa idadi. Kumi na mbili nukta sita. Kumi na mbili nukta tano. Kumi na mbili nukta saba, hiyo ilikuwa baada ya safari ndefu ya mizinga. Wateja hudhani ni namba za simu za watu.

Anachokitaka sasa si kikubwa. Anatafuta eneo lenye paa na sakafu ya saruji, ikiwezekana upande wa Ntinda, kwa sababu kila mvua inaponyesha hapa hulazimika kufunika mashine na kusubiri. Na humo ndani, kabla ya meza, kabla hata ya kabati la spana, anataka bomba la maji na benchi. Benchi ni la kukalia yeye. Wenye mashine watakuwa wanaosha, wanafunga, wanafungua, wanafanya ya Jumamosi zao, na yeye atakuwa anatazama.

Saa mbili kasoro dakika moja. Dereva wa Jinja amemaliza maelezo yake na anangoja. Emérence ananyoosha kidole kuomba subira, anachukua kipande cha chaki, anasimama karibu na ukuta. Mwandishi anamuuliza kwa nini asimwachie tu mzee apime mwenyewe na kuandika kwenye daftari lake, sasa kwa kuwa mashine ni nzima.

Anasema tangu avuke mpaka, yeye ndiye amekuwa akiripoti. Foleni ya kuhesabiwa, foleni ya kadi, foleni ya alama za vidole, kila mara kwenda mbele ya meza kuonyesha kwamba bado yupo.

"Mi njo nilikuwa naripotia batu," anasema. "Hakuna mutu alishawahi kuniripotia mi."

Simu inalia. Anaipokea, anaiweka sauti ya juu ili mikono yake ibaki huru, na kutoka Anaka, juu ya kichuguu, upepo ukivuma kwenye laini, inasikika sauti ya mtu aliyesimama wima.

"Afande fundi," anasema Sajenti Odoch. "Naripoti. Kumi na mbili nukta sita."